Barabara ya Rironi-Mau Summit: Nani atabeba mzigo shangwe za uzinduzi zikiisha?

MATINGATINGA yaliyoingia katika barabara kuu ya Nairobi-Nakuru baada ya Rais William Ruto kuzindua upanuzi wake Novemba 28, 2025 yalifufua matumaini ya wakazi wa Bonde la Ufa ambao wameusubiri mradi huo tangu mwaka 2020.

Barabara hiyo ya kilomita 175 inaanzia Rironi, Kaunti ya Kiambu, na kuishia Mau Summit, Kaunti ya Nakuru. Ikijumlishwa na kilomita 58 za njia ya chini inayopitia Mai Mahiu hadi Naivasha, mradi mzima una urefu wa kilomita 233 na unakadiriwa kugharimu takriban Sh170 bilioni. Wakati wa uzinduzi, serikali iliahidi kwamba kazi itakamilika kufikia katikati ya mwaka 2027.

Hakuna mkazi wa Nakuru anayehitaji kushawishiwa kwamba barabara hiyo ni muhimu. Ndiyo inayobeba viazi vya Molo, mboga za Kinangop na maua ya Naivasha yanayokimbizwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ndiyo pia inayopitisha sehemu kubwa ya shehena zinazotoka Bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo.

Hata hivyo, historia ya miundombinu katika eneo hili inaonyesha kwamba kutafuta mwekezaji na kukata utepe ndiyo hatua nyepesi. Miradi imekwama au kuharibika katika hatua tatu zinazofuata: kugawana hasara mambo yanapokwenda mrama, kuwalipa waliofanya kazi, na kukitunza kilichojengwa.

Barabara ya Rironi-Mau Summit itafaulu au kufeli katika hatua hizo hizo.

NJIA YA MAJONZI

Sehemu ya barabara inayoteremka Mai Mahiu ilijengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga kando yake lingali limesimama. Barabara yenyewe, pamoja na ile ya juu inayopitia Kinungi, ilibaki kuwa nyembamba huku idadi ya magari ikiongezeka mwaka baada ya mwaka.

Matokeo yake yameandikwa kwa damu. Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lililokuwa limepinduka liliposhika moto. Desemba 2016, watu wapatao 40 walifariki Karai, Naivasha, baada ya lori lililobeba kemikali kugonga magari na kulipuka. Mkesha wa mwaka mpya wa 2018, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakaangamia.

Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, hatua chache baada ya Mau Summit, likawafagia wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 walipoteza maisha.

Ajali hizo zilitofautiana kwa namna zilivyotokea, lakini mazingira yalifanana: malori mazito na matatu zilizojaa abiria zikitumia njia moja, zikipishana kwa kubahatisha katika miteremko mirefu, huku wafanyabiashara wakitafuta riziki hatua chache kutoka kwenye lami.

Baada ya mkasa wa Migaa, serikali ilizitenganisha njia za kupanda na kushuka katika eneo hatari la Salgaa. Kazi hiyo ilikuwa ya kilomita chache tu na iligharimu sehemu ndogo mno ya fedha zinazotajwa sasa, lakini ilithibitisha kuwa magari yanayokwenda pande tofauti yakitenganishwa, maisha huokolewa.

KANDARASI ILIYOVUNJIKA

Mradi wa sasa si wa kwanza. Septemba 2020, wakati wa ziara ya Rais Uhuru Kenyatta jijini Paris, Kenya ilitia saini mkataba na kampuni za Ufaransa zikiongozwa na Vinci Highways na Meridiam. Kampuni hizo zilitarajiwa kuipanua barabara hiyo kwa takriban Sh160 bilioni, kuisimamia kwa miaka 30 kisha kuirejesha kwa serikali.

Miaka mitano ilipita bila kazi ya maana kufanyika. Mwaka 2025 serikali iliufuta mkataba huo na kukubali kulipa fidia ya takriban Sh6.2 bilioni. Hizo ni fedha za umma ambazo hazikujenga hata mita moja ya lami.

Kiini cha mvutano kilikuwa swali ambalo halisikiki majukwaani: iwapo magari yatakayolipia barabara yatakuwa machache kuliko ilivyotarajiwa, nani atagharamia pengo hilo? Chini ya mkataba wa Wafaransa, mzigo huo uliiangukia serikali. Wasimamizi wa mradi walihofia pia kwamba ada ambayo madereva wangetozwa ingekuwa kubwa kupita kiasi.

Baada ya hapo kazi ilikabidhiwa makundi mawili. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation (CRBC), kwa ushirikiano na Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), ilipewa sehemu ya Rironi hadi Gilgil pamoja na njia ya Mai Mahiu. Shandong Hi-Speed Road and Bridge International, ambayo pia ni ya China, ilipewa sehemu ya Gilgil hadi Mau Summit.

Kuingia kwa NSSF kumebadilisha sura ya mradi. Tangu Februari 2023, makato ya NSSF yameongezeka kufuatia kuanza kutekelezwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kwa hivyo mwalimu wa shule ya kibinafsi mtaani Section 58, mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha na mhudumu wa hoteli mjini Nakuru wote wamekuwa wawekezaji katika barabara hii, wawe wanajua au hawajui.

Kuna hoja nzuri ya kuunga mkono hatua hiyo. Fedha za uzeeni hukaa kwa muda mrefu, nayo barabara hurejesha faida yake kwa muda mrefu. Iwapo lazima kuwe na anayevuna kutokana na ada za barabara za Kenya, ni heri sehemu ya mavuno hayo imwendee mfanyakazi Mkenya kuliko yote kupelekwa ng'ambo.

Lakini hoja hiyo ina upande wake wa pili. Mwekezaji wa kigeni akipata hasara, wenye hisa wake ndio watakaolalamika. NSSF ikipata hasara, atakayeumia ni mzee atakayestaafu mwaka 2045 na kukuta akiba yake imepungua. Ndiyo maana makadirio ya idadi ya magari, ambayo aghalabu huachiwa wahandisi na wanabenki, yanapaswa kuwekwa wazi ili wanachama wa hazina hiyo wayasome na kuyahoji.

ADA NA NJIA MBADALA

Kiwango kilichotangazwa mwaka 2025 kwa gari dogo ni Sh8 kwa kila kilomita, kikiongezeka kwa asilimia moja kila mwaka. Dereva atakayesafiri kutoka Rironi hadi Mau Summit atalipa takriban Sh1,400 kwenda tu, na kiasi kama hicho akirudi.

Kwa mwenye gari la kibinafsi anayesafiri kwenda mashambani wakati wa Krismasi, gharama hiyo inaweza kuvumilika, hasa ikilinganishwa na saa nyingi zinazopotea katika msongamano wa Gilgil au Kinungi. Mambo ni tofauti kwa mwenye matatu anayepiga safari mbili kila siku, au mkulima anayekodi pikapu kupeleka magunia ya viazi Nairobi.

Wafanyabiashara hao hawatabeba ada hiyo peke yao. Itaongezwa kwenye nauli, kisha kwenye bei ya kiazi sokoni Wakulima, na mwishowe italipwa na mama wa Kaptembwa au Kayole ambaye hana gari wala hatarajii kulinunua.

Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 na ambayo pia ilijengwa na CRBC, imetoa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ada hupanda. Kuanzia Januari 1, 2024, ada ya juu zaidi ya gari dogo kati ya Mlolongo na Westlands ilitoka Sh360 hadi Sh500. La pili ni kwamba dereva asiyetaka kulipa ana pa kupita, kwa sababu Barabara ya Mombasa na Waiyaki Way zingali chini ya barabara hiyo na hazitozwi chochote.

Katika Bonde la Ufa hali si hiyo. Njia ya juu na ile ya Mai Mahiu zote zimo ndani ya mradi mmoja. Anayezikwepa zote mbili atalazimika kuzunguka kwa njia ndefu za mashambani ambazo hazikujengwa kuhimili malori ya magurudumu 22.

Hapa pana hatari kwa pande zote. Iwapo njia za bure zitakuwa mbovu, mwananchi atakuwa amelazimishwa kulipa. Iwapo zitakuwa nzuri kiasi, malori yatazikimbilia, yaziharibu, na mapato ya ada yapungue. Serikali inahitaji kueleza mapema imechagua lipi kati ya mawili hayo, na barabara hizo za pembeni zitakarabatiwa kwa fedha zipi.

Wapo pia watu ambao hawasafiri bali huishi kutokana na wasafiri. Wachoma nyama wa Kikopey, wauza mboga wa Soko Mjinga na wenye vyumba vya kulala madereva wa malori Salgaa wote hutegemea gari linaloweza kusimama ghafla na kuendelea na safari. Barabara ya mwendo wa kasi haikubali gari lisimame popote dereva apendapo. Pasipotengwa mapema vituo vya mapumziko vyenye nafasi za wachuuzi wa kawaida, biashara hizo zitahamia mikononi mwa wenye vituo vya mafuta na maduka makubwa, la sivyo wachuuzi watarudi kando ya lami na kuhatarisha maisha kama ilivyokuwa Londiani.

FUNZO LA RELI

Anayetaka kujua mkataba wa miaka mingi unavyoweza kukatika njiani hana haja ya kwenda mbali. Mji wa Nakuru ulizaliwa na reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na kituo kilichokuwa kati ya ziwa na mlima wa Menengai kikatangazwa kuwa mji mwaka 1904.

Novemba 2006, reli hiyo ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Wananchi waliahidiwa mabehewa mapya, treni za kasi zaidi na mizigo mingi. Mkataba huo ulivunjika mwaka 2017, ukiwa haujafika hata nusu ya muda wake. Katika kipindi hicho mizigo iliendelea kuhamia barabarani, na malori ambayo leo yanaifanya barabara ya Nakuru ihitaji kupanuliwa ni sehemu ya gharama ya kushindwa huko.

Kisha ikaja reli ya kisasa, SGR. Awamu ya kutoka Nairobi hadi Naivasha, yenye urefu wa kilomita 120, ilizinduliwa Oktoba 16, 2019 baada ya kugharimu takriban Sh150 bilioni zilizokopwa China. Ilipofika karibu na Suswa ilikoma, kwa kuwa fedha za kuiendeleza hadi Kisumu na Malaba hazikupatikana kwa wakati huo.

Ili mizigo iendelee na safari, ilibidi kijengwe kipande cha takriban kilomita 24 kuiunganisha SGR na reli ya zamani huko Longonot, na reli hiyo iliyojengwa enzi za ukoloni ikarabatiwe hadi Malaba. Kwa maneno mengine, mradi wa karne mpya ulihitaji kuokolewa na ule wa karne iliyopita.

Barabara na reli zinashindania mzigo ule ule. Kila kontena linalopandishwa kwenye treni ni lori moja pungufu barabarani, na kila lori pungufu ni ada ambayo haitalipwa. Hadi sasa mijadala ya miradi hii miwili imeendeshwa kana kwamba mmoja hauna habari na mwenzake. Ilhali ikiwa SGR itaendelezwa na kufanya kazi ilivyokusudiwa, makadirio ya mapato ya barabara yatabadilika, na pamoja nayo akiba za wanachama wa NSSF.

BWAWA LISILO NA MAJI

Mfano mchungu zaidi wa mradi uliokwama katika Kaunti ya Nakuru uko Kuresoi. Bwawa la Itare lilikusudiwa kupeleka maji Kuresoi, Molo, Njoro, Rongai na jiji la Nakuru kupitia handaki la zaidi ya kilomita 14. Gharama yake ilikadiriwa kuzidi Sh30 bilioni, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka benki za Ulaya.

Kazi ilianza mwaka 2017 chini ya kampuni ya CMC di Ravenna kutoka Italia. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilikumbwa na matatizo ya kifedha kwao nyumbani na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mamia ya vijana waliokuwa wameajiriwa walirudi nyumbani, na eneo la ujenzi likaachwa kuwa gofu.

Kampuni iyo hiyo ndiyo iliyokuwa imepewa kandarasi za mabwawa ya Arror na Kimwarer katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Sakata ya mabwawa hayo ilisababisha kukamatwa kwa aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bw Henry Rotich, Julai 2019. Mahakama ilimwondolea mashtaka Desemba 2023, lakini maji hayajawahi kufika mferejini.

Deni la kigeni hulipwa iwe bwawa limejaa au ni shimo tupu. Wakati huo huo, wakazi wengi wa Nakuru wanaendelea kutegemea visima, na maji ya ardhini katika Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kwa kiwango kinachobadilisha rangi ya meno ya watoto na, yakizidi, kudhoofisha mifupa.

Itare inafundisha jambo moja ambalo linaigusa barabara moja kwa moja. Mkopo, mbunifu na mjenzi vikifungamanishwa na kampuni moja, kampuni hiyo ikianguka huanguka na vyote. Mkataba unaofaa unapaswa kueleza mapema nani ataingia, kwa muda gani na kwa gharama ya nani, mwanakandarasi wa kwanza akishindwa.

WANAKANDARASI WA HUMU NCHINI

Kushindwa kwa kampuni ya Italia kulitokana na matatizo ya kwao. Wanakandarasi wengi wa Kenya walifilisika kwa sababu tofauti: walifanya kazi na hawakulipwa.

Kufikia mwaka 2025, malimbikizo ya madeni ya wajenzi wa barabara yalikuwa takriban Sh175 bilioni. Kiasi hicho kinazidi gharama inayokadiriwa ya mradi mzima wa Rironi-Mau Summit. Barabara nyingi za mashambani zilisimama nusu, mitambo ikapigwa mnada na benki, na vibarua wakaenda nyumbani bila malipo.

Takwimu za taifa zilithibitisha hali hiyo. Kwa mujibu wa Ripoti ya Uchumi iliyotolewa mwaka 2025, sekta ya ujenzi ilinywea kwa asilimia 0.7 mwaka 2024 ilhali uchumi kwa jumla ulikua kwa asilimia 4.7. Matumizi ya saruji nchini yalipungua kutoka tani milioni 9.2 mwaka 2023 hadi takriban tani milioni 8.5.

Ili kuyalipa madeni hayo, serikali iliamua kukopa kwa kutumia ushuru wa mafuta wa kukarabati barabara. Ushuru huo ulikuwa umepandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwaka 2024. Sh7 kati ya hizo ziliwekwa rehani ili kupata Sh175 bilioni. Malipo yalipoanza kutoka, mitambo mingi ilirejea kazini na sekta ikaanza kukua tena mwaka 2025.

Nafuu hiyo ina bei yake. Fedha zilizokusudiwa kuziba mashimo ya barabara za kesho zimetumika kulipia barabara za jana. Aidha, dereva wa Nakuru atajikuta akilipa mara mbili: kupitia bei ya mafuta kwenye kituo, na kupitia ada kwenye kizuizi cha barabara.

Kwa upande wa ajira, kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) zinamtaka mwanakandarasi wa kigeni kuwapa wenzake wa humu nchini angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini utekelezaji wake haufuatiliwi hadharani. Kokoto, kifusi, usafirishaji na ulinzi ndizo kazi ambazo aghalabu huachiwa Wakenya. Kazi zenye ujuzi na faida kubwa, kama usanifu wa madaraja na uwekaji wa lami, hubaki kwa mgeni.

Vijana wa mjengo kutoka Rhonda, Free Area na Gilgil watapata vibarua kwa miaka michache, na hilo si jambo dogo. Kipimo halisi ni iwapo kazi itakapoisha watabaki na vyeti vya ujuzi na kampuni za kwao zenye uwezo wa kuomba kandarasi kubwa zaidi, au watabaki na makoti ya kung'aa na kofia za plastiki.

ARDHI ISIYOSAMEHE

Jambo la mwisho, na ambalo huzungumziwa baada ya maafa tu, ni matunzo. Bonde la Ufa ni mahali pagumu kujenga. Ardhi yake ni ya majivu ya volkano, ina nyufa za chini kwa chini, na maji ya mvua huteremka kwa kasi kutoka milima ya Mau na Aberdare.

Machi 2018, ufa mkubwa ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu-Narok. Miezi miwili baadaye, Mei 9, bwawa la kibinafsi lilivunja kingo zake Solai na kuua watu 48 usiku. Maafisa wa maji walisema halikuwa na kibali.

Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani huko Old Kijabe yalilibomoa na kuteremka hadi Mai Mahiu yakizoa nyumba na magari. Zaidi ya watu 40 walithibitishwa kufariki katika siku za kwanza pekee. Wizara ya Maji ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kuziba kwa mkondo wa kupitishia maji chini ya reli.

Mkasa huo unapaswa kukumbukwa na kila anayechora ramani ya barabara mpya, ambayo itapita katika miteremko hiyo hiyo. Mkondo chini ya tuta huzibwa na matawi, mawe na taka. Kuuzibua kunahitaji watu wenye sepetu na bajeti ndogo ya kila mwaka. Kutouzibua kuliwagharimu wakazi wa Mai Mahiu uhai wao.

Maziwa nayo yamepanda. Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la zamani la mbuga yake katika muongo uliopita, na Ziwa Naivasha limefurika mara kadhaa hadi mtaa wa Kihoto, ikiwemo mwaka 2025 ambapo maelfu ya watu walihama makwao.

Kwa upande mwingine, bonde hili limethibitisha kwamba mradi mkubwa unaweza kufaulu ukipewa muda. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa Olkaria ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Kwa zaidi ya miaka 40 mitambo imeongezwa hatua kwa hatua, Wakenya wakajifunza kuchimba visima wenyewe, na sasa mvuke huchangia takriban asilimia 40 ya umeme wa taifa. Menengai, juu kidogo ya jiji la Nakuru, mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mwaka 2023, miaka 12 baada ya uchimbaji kuanza.

Olkaria haikujengwa kwa kipindi cha rais mmoja. Iliongozwa na taasisi iliyobaki na ujuzi wake serikali zilipobadilika.

MASWALI KABLA YA UCHAGUZI

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, na Kaunti ilikuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya mwaka 2019. Jiji linalokua kwa kasi hiyo haliwezi kuendelea kutegemea barabara ya enzi za ukoloni. Ujenzi ni lazima uendelee.

Lakini tarehe ya kukamilishwa iliyotajwa inaangukia miezi michache kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027. Majira ya siasa huwa na tabia ya kuharakisha kinachoonekana na kuahirisha kisichoonekana. Lami huonekana. Mitaro, madaraja ya kuvukia watu na vituo vya wachuuzi havipigiwi picha.

Wabunge wa Bonde la Ufa na madiwani wa Nakuru wana nafasi ya kuuliza maswali kadhaa sasa, kabla tarakimu hazijageuka kuwa madeni. Je, mkataba utachapishwa wote, pamoja na makadirio ya magari na vifungu vya fidia? Je, NSSF itawaeleza wanachama wake kila mwaka fedha zao zimerejesha nini? Je, ni kampuni zipi za Kenya zimepewa ile asilimia 30, na zimelipwa kwa wakati? Je, ni njia ipi ya bure itakayotunzwa, na bajeti ya kuzibua mitaro iko katika kitabu kipi?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji matingatinga wala mkopo. Yanahitaji nyaraka ambazo tayari ziko makabatini mwa ofisi za serikali jijini Nairobi. Miaka mitano iliyopotea na Sh6.2 bilioni zilizolipwa kwa mkataba wa kwanza zinatosha kuwa ada ya shule. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na Nakuru imekwisha kuona vya kutosha.